Simba wa Lang'ata na Mbuzi wa Kitengela

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi na kufuata barabara ya Lang'ata hana haja ya kusafiri mbali kabla ya kufika kwenye lango kuu la Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Ni kilometa chache tu. Upande mmoja wa barabara kuna maduka, vituo vya mafuta na nyumba za ghorofa. Upande wa pili kuna wigo, na nyuma ya wigo huo kuna vifaru. Wageni watokao ng'ambo hustaajabia sana jambo hili na kulipiga picha. Wenyeji wamelizoea kama walivyozoea kelele za matatu, na wako wengi waliozaliwa, wakasoma na kuoa katika mji huu bila kuingia humo hata mara moja.

Waingiao, mara nyingi huingia kwa ajili ya watoto. Siku za likizo huonekana msururu wa mabasi ya shule karibu na lango, na watoto wenye sweta za rangi moja hushikana mikono wawili wawili. Wengi wao hawaendi ndani ya mbuga yenyewe, maana mbuga yataka motokaa na muda mrefu. Huenda kwenye Makao ya Wanyama Yatima yaliyo hapo hapo langoni, ambapo kwa kutembea kwa miguu mtu huweza kuona kwa saa moja wanyama ambao babu yake hakuwaona wote maisha yake yote.

Jumapili moja karani mmoja wa Serikali aliwapeleka huko watoto wake watatu. Mdogo wao, msichana wa miaka sita, alisimama kwa muda mrefu mbele ya simba dume aliyelala ubavu nyuma ya waya, kisha akauliza, "Baba, huyu amefungwa kwa kosa gani?"

Baba akacheka, na watu waliosimama karibu wakacheka. Lakini alipojaribu kulijibu swali lenyewe aliona kuwa si jepesi.

Makao hayo yalifunguliwa mwaka 1964. Nia yake haikuwa kuwafunga wanyama ili watu wawatazame, bali kuwatunza wale waliookotwa bila mama, waliojeruhiwa katika mitego, au waliokutwa wamefichwa nyumbani kwa watu kinyume cha sheria. Wako wanaopona na kurudishwa porini. Wako pia wasioweza kurudi kamwe. Chui aliyekatwa mguu na mtego wa waya hawezi tena kumvizia swala, na duma aliyelelewa sebuleni kama paka, akapewa maziwa katika bakuli, hajui hata kumwogopa mbwa. Mnyama wa namna hiyo akifunguliwa asubuhi, jioni atakuwa amekufa kwa njaa, au atakuwa amemjeruhi mtu. Kwa hiyo hao si wafungwa. Ni kama wagonjwa na wakimbizi.

Hata hivyo seng'enge ni seng'enge. Mtu atazamaye kwa makini ataona kwamba baadhi ya wanyama wamejifanyia njia nyembamba kandokando ya wigo kwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka majani yamekufa na udongo umekuwa mgumu kama sakafu. Watoto hupiga kelele ili simba aamke. Simba haamki. Afadhali walimu wangewaambia watoto, kabla ya kushuka basini, kwamba mnyama huyo hakuja hapo kuwachezea.

Mbali kidogo, ndani ya mbuga hiyo hiyo, yako makao mengine ambayo habari zake ni za kutia moyo zaidi, nayo ni yale ya watoto wa ndovu yaliyoanzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977, baada ya kufa kwa mumewe David, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Kwa miaka mingi watoto wa ndovu wachanga waliookotwa walikuwa wakifa mikononi mwa watu, kwa sababu tumbo lao halikuweza kuyastahimili mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Mama huyo alijaribu maziwa ya kopo ya namna nyingi, moja baada ya jingine, mpaka akagundua kwamba mafuta yanayokaribiana zaidi na yale ya maziwa ya ndovu ni mafuta ya nazi. Watu wa pwani, ambao tangu zamani hawapiki wali bila tui, bila shaka watafurahi kusikia kwamba nazi imewalea hata ndovu.

Lakini maziwa peke yake hayatoshi. Mtoto wa ndovu hufa kwa huzuni kama afavyo kwa njaa. Kwa sababu hiyo walezi wake, ambao ni vijana wa Kenya kutoka makabila mbalimbali, hulala naye chumba kimoja, humfunika blanketi penye baridi mahali pa joto la mwili wa mama yake, na humpa chupa kila baada ya saa chache usiku kucha. Hubadilishana zamu kwa makusudi, ili mtoto asishikamane na mtu mmoja tu akaja kufa siku mtu huyo aendapo likizo. Akifikia umri wa miaka mitatu hivi hupelekwa Tsavo, na huko, polepole, kwa miaka kadha, hujiunga na makundi ya ndovu wa porini. Ndovu jike mmoja aitwaye Emily, aliyelelewa hivyo, alizaa huko Tsavo mwaka 2008, akaja na mtoto wake mpaka kwa walezi wake wa zamani.

Kwa ndovu, basi, yatima aweza kurudishwa kwao. Kwa simba mambo ni magumu zaidi. Wasomaji wengi wamesikia habari za Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe George, aliyekuwa Bwana Nyama wa sehemu za Kaskazini. Mwaka 1956 George alimpiga risasi simba jike, kisha akatambua kwamba alikuwa akilinda watoto watatu wachanga. Wawili kati yao walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alibaki, akafundishwa kuwinda, akaachwa huru huko Meru, naye akazaa watoto watatu wake mwenyewe. Kitabu cha habari zake, kilichotolewa mwaka 1960, kilisomwa duniani kote. Mwanzoni mwa mwaka 1961 Elsa alikufa.

Jambo moja katika habari hizo halikumbukwi sana. Watoto wa Elsa, walipobaki bila mama, walianza kula mbuzi wa watu wa jirani, ikawa lazima kuwanasa na kuwahamishia Serengeti, katika nchi ya Tanganyika. Elsa alililiwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao hawakupata kumwona. Waliopoteza mbuzi hakuna aliyewalilia.

Na habari ya mbuzi ndiyo habari ya upande wa kusini wa mbuga ya Nairobi, upande ambao mabasi ya shule hayafiki.

Mbuga hii ilitangazwa tarehe 16 Desemba 1946, nayo ilikuwa ya kwanza katika Kenya. Aliyeipigania zaidi ni Mervyn Cowie, mtu aliyezaliwa papo hapo Nairobi. Inasemwa kwamba alipoona Serikali na watu hawamsikilizi aliandika barua katika gazeti kwa jina la kubuni, akajifanya mlowezi mzee, akataka wanyama wote wa mwitu wauawe kwa kuwa hawana faida. Watu waliposoma walighadhibika sana, wakaanza kuwatetea wanyama, na hilo ndilo alilolitaka. Werevu huo wafaa kusifiwa. Lakini katika mabishano yote hayo wafugaji waliokuwa wakilisha ng'ombe wao katika nyika hiyo hawakuulizwa wao waonaje, na mbuga ilipotangazwa walizuiwa kuingia.

Ukubwa wake ni kilometa za mraba 117 tu, na kwa mnyama ahamaye hiyo ni kama ua wa nyumba. Pande tatu zimezungushiwa wigo. Upande wa kusini hakuna wigo. Kuna mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto kuna nyika za Kitengela, Athi na Kapiti. Mvua zinyeshapo, nyumbu na punda milia huvuka mto na kutawanyika huko nje, kwenye majani mafupi yenye chumvichumvi, ambako huzaa. Kiangazi kikianza hurudi mbugani, kwa sababu ya maji yasiyokauka. Basi mbuga ni nusu tu ya makao yao. Nusu ya pili ni mashamba ya watu.

Zamani hili halikuwa shida. Mmasai hakuila nyama ya mwitu, wala hakulima, wala hakujenga wigo isipokuwa boma la miiba, na ng'ombe wake walikula pamoja na nyumbu kama wageni wa arusi moja. Mwaka 1988 ardhi ya pamoja ya Kitengela ilianza kugawanywa, kila mwenyeji akapewa sehemu yake na hati yake. Miaka michache baadaye viwanda vikajengwa upande wa Athi River, watu wa kazi wakaja, wakataka vyumba, na wenye vyumba wakataka viwanja. Hatimaye hata reli mpya ya kwenda Naivasha ilipitishwa katikati ya mbuga yenyewe, juu ya daraja refu lenye nguzo, ambalo twiga hupita chini yake. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa nyika hizo walihesabiwa kwa makumi ya elfu. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wamebaki elfu chache tu.

Simba afanyeje? Nyumbu wakipungua, simba huvuka mto kufuata kitoweo kingine. Mwezi wa Juni 2012 simba sita, wakubwa na watoto wao, waliingia kwenye mifugo ya watu wa Kitengela wakaua mbuzi, na kulipopambazuka wenyeji waliwazingira wakawaua wote sita kwa mikuki. Mwaka 2016 simba dume mashuhuri aliyeitwa Mohawk, kwa ajili ya manyoya ya shingo yake, alifika hata Isinya; umati ukamzunguka, akamjeruhi mtu, na askari wakampiga risasi. Mara zote mbili watu wa mjini walikasirika sana. Hasira yao ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa hasira ya mtu asiye na mbuzi.

Asiyefuga hajui uzito wa jambo hili. Mbuzi kumi, kwa mama mjane wa Kitengela, ndio benki yake. Mmoja huuzwa kwa ajili ya karo, mmoja kwa ajili ya dawa, mmoja huchinjwa mgeni wa heshima ajapo. Usiku mmoja wa simba waweza kumaliza akiba ya miaka minane. Sheria ya wanyama wa mwitu ya mwaka 2013 iliagiza kwamba mwenye mifugo iliyoliwa alipwe bei ya soko, na kwamba mtu akiuawa na mnyama jamaa zake walipwe shilingi milioni 5. Sheria ni nzuri. Lakini madai yalirundikana, na wako waliongoja fidia kwa miaka, wakipanda gari kwenda ofisini na kurudi, mpaka nauli ikakaribia thamani ya ng'ombe.

Pamoja na hayo si kweli kwamba watu wa huko hujua mikuki tu. Kijana wa Kimasai aitwaye Richard Turere, ambaye kwao ni kando ya mbuga hiyo, alipewa tangu utoto kazi ya kuwalinda ng'ombe wa baba yake. Simba walipozidi kuwaua alijaribu kwanza kuwasha moto. Moto ukawasaidia simba kuona vizuri ndani ya boma. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba wakaja, wakaiona, wakarudi; usiku wa pili wakafahamu kwamba sanamu haitembei, wakala ng'ombe. Kisha akagundua, alipokuwa akizunguka boma na tochi, kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Basi akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi alichukua betri kuukuu ya motokaa, indiketa ya pikipiki, balbu za tochi zilizovunjika na kioo cha kupokea nguvu za jua, akaziunganisha ziwake na kuzimika moja baada ya nyingine, kana kwamba mtu anazunguka na taa usiku kucha. Simba hawakuingia tena. Majirani wakaomba nao wafungiwe taa hizo, na mwaka 2013 kijana huyo aliitwa Marekani kuwaeleza watu wakubwa jinsi alivyofanya. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua redio mpya ya mama yake, na yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku hiyo mama yake nusura amwue.

Juhudi nyingine ilianza mwaka 2000. Wenye ardhi waliokubali kutojenga wigo, kutolima na kutochimba mawe walilipwa kodi ya shilingi 300 kwa kila eka kwa mwaka, na malipo yakapangwa yaendane na wakati wa karo za shule. Mpango huo ulisaidia watu wengi. Mwenye eka mia alipata shilingi 30,000, na mtoto akabaki darasani. Lakini fedha zenyewe zilitoka kwa wafadhili, na mnunuzi wa kiwanja alikuja na fedha za mara moja ambazo kodi hiyo isingezifikia hata kwa miaka mia. Wako wenyeji wengine waliounganisha ardhi zao wakafanya hifadhi yao wenyewe, kama ile ya Naretunoi ng'ambo ya Mbagathi, ili wageni walipe na wanyama wapite. Kazi hiyo yastahili sifa kuliko inazopewa, kwa kuwa hao wanaozuia seng'enge hufanya hivyo kwa hasara yao, huku jirani aliyeuza akijenga nyumba ya mawe.

Yule karani wa Lang'ata alifika Kitengela miezi mitatu baada ya ile Jumapili. Hakwenda kutazama wanyama. Alikuwa ameweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka saba, na rafiki wa ofisini alikuwa amemwambia kwamba kuna viwanja vinauzwa, futi 50 kwa 100, hati tayari. Shamba lilikuwa eka tano, lililouzwa na kijana mmoja wa hapo ili amalizie karo ya chuo cha ndugu yake na gharama za hospitali za mama yao. Mawe ya mipaka yalikuwa yamekwisha kupigwa, yamepakwa rangi nyeupe, yamepangwa kama makaburi ya askari.

Baba yake yule kijana, mzee mwenye shuka na fimbo, alikuwa ameketi chini ya mgunga akitazama. Karani akamwendea kwa heshima, akamsalimu, akachuchumaa karibu naye. Wakazungumza habari za mvua. Kisha karani akauliza, "Mzee, simba bado wanafika hapa?"

"Wanafika. Mwezi uliopita walichukua kondoo wawili wa jirani. Wewe umewahi kuwaona simba, mwanangu?"

"Nimewaona, mzee. Niliwapeleka watoto Lang'ata."

"Wale wanakula nyama ya nani?"

"Nafikiri ni ya Serikali."

"Wa hapa wanakula yangu," akasema mzee, wala hakuwa na hasira.

Karani akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mzee atafurahi wakiisha."

Mzee alimgeukia akamtazama kwa muda. "Nani amekuambia? Mahali penye simba pana nyumbu, na mahali penye nyumbu pana majani. Mimi nimepigana na simba tangu nikiwa moran, na hakuondoka. Mkuki wangu haukumfukuza." Akanyosha fimbo yake kuelekea yale mawe meupe. "Hayo ndiyo yanayomfukuza. Na mimi pia."

Chini, kati ya mawe hayo, ilionekana njia ya wanyama, nyembamba na ya kale, imepinda kutoka upande wa mto na kukata viwanja vitatu pembeni. Kwato zilikuwa mbichi. Karani aliifuata kwa macho mpaka ilipoingia katika kiwanja namba 17, ambacho ndicho chake.

Akamwuliza wakala kama mtu akinunua aweza kukaa kwanza bila kuweka wigo. Wakala akamjibu kwamba hapana, maana majirani wote watazungushia, na mahali pasipo na seng'enge watu watatupa takataka na ng'ombe watalala humo. Tena asiyeweka alama zake, hata jiwe lake laweza kung'olewa usiku. Fundi alikuwa tayari, na nguzo alikuwa nazo ndani ya gari; akitaka, kazi itakwisha kabla ya jioni, na bei ni ya leo tu.

Karani akatoa kalamu akatia sahihi mahali alipoonyeshwa. Fundi akateremsha nguzo ya kwanza, akauliza aichimbie wapi.